Kupima Sukari: Historia ya Maneno ya Chakula na Maradhi katika Unguja

Mzee wa Mji Mkongwe aliyekuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1970 akisikia maneno "kupima sukari", aghalabu hukumbuka mizani ya dukani, mfuko wa karatasi na foleni. Mjukuu wake akisikia maneno hayo hayo, hufikiria sindano ndogo, tone la damu kidoleni na tarakimu zinazotokea katika kioo cha kipimo. Maneno yenyewe hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kile kinachopimwa, mahali kinapopimwa na sababu ya kukipima.

Madhumuni ya makala haya ni kuifuata safari ya neno sukari na ya maneno machache yanayoandamana nalo, hasa kisukari na wanga, kama yalivyotumika na yanavyotumika katika kisiwa cha Unguja. Hatukuichagua mada hii kwa ajili ya kujifurahisha na asili za maneno. Katika kazi yetu ya istilahi tumeletewa, zaidi ya mara moja, vijikaratasi vya mafunzo ya afya ili tuvipitie lugha yake. Humo tumekuta sentensi fupi, "Punguza sukari", ikibeba maagizo matatu yaliyo mbalimbali: kupunguza sukari ya kijiko, kupunguza kiasi cha wali na muhogo sahanini, na kuteremsha kiwango cha sukari kilichomo katika damu. Msomaji hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo analoamrishwa. Hapa kosa la istilahi si kosa la sarufi tu, kwani huweza kumdhuru mtu.

Neno lilivyofika pwani

Kabla ya sukari palikuwa na utamu. Kiswahili kina mzizi wake cha asili, -tamu, na kina neno la Kibantu muwa, wingi wake miwa. Mwambao huu ulipata utamu katika muwa uliotafunwa, katika ndizi mbivu, katika tui la nazi na katika asali. Hata maji ya kisima yasiyokuwa na chumvi huitwa maji matamu. Kwa hiyo utamu ulikuwa sifa ya vitu vingi. Haukuwa kitu kinachojitegemea, cha kuweza kuchotwa kwa kijiko na kutiwa katika kitu kingine.

Neno sukari tumelipata kwa Waarabu wasemao sukkar. Waarabu walilipata kwa Waajemi, na asili yake ya mbali ni neno la Kisanskriti sharkara, ambalo maana yake ya mwanzo ni changarawe au chembe za mchanga. Wahindi wa kale waliita hivyo kwa sababu maji ya muwa yakichemshwa na kukauka huacha chembechembe. Jina la sukari guru nalo lina nusu yake ya Kihindi, kwani gur ni sukari isiyosafishwa, ile ya rangi ya hudhurungi iliyogandishwa vipande.

Bidhaa hiyo ilijulikana upande huu wa bahari tangu zamani sana. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kiitwacho Periplus. Anapoeleza bidhaa zilizoletwa kutoka Bara Hindi hadi bandari za Pembe ya Afrika, anataja ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na asali ya miwa iitwayo sakchari. Msomaji wa Unguja ataona kwamba mchele, samli na sukari vilisafiri pamoja katika jahazi karne nyingi kabla ya kukutana katika sahani ya biriani na sinia ya haluwa. Mfasiri naye ataona jambo la pili. Mwandishi yule alipotakiwa kulieleza neno geni, alilishika mkono neno la zamani akasema "asali ya miwa". Kazi hiyo ndiyo tuifanyayo sisi hadi leo.

Miwa, vinu na jasho la watumwa

Katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja, kisiwa kilijaa mikarafuu. Miwa pia ilijaribiwa. Katika miaka ya 1860 Mwingereza H. A. Fraser alikuwa na shamba kubwa la miwa na kinu cha sukari huko Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, na waliolilima walikuwa watumwa. Jambo hilo lilizusha malalamiko makubwa, kwa kuwa serikali ya nchi yake ilikuwa ikijitangaza kuwa adui wa utumwa. Ng'ambo ya bahari, katika bonde la mto Pangani, palikuwa na mashamba mengine ya miwa yaliyotoa sukari guru, nayo pia yaliendeshwa kwa watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo.

Twayataja haya kwa sababu historia ya sukari ikielezwa kama historia ya anasa tu, nusu yake huwa imefichwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Kwa muda mrefu waliokata miwa hawakuwa wao waliokaribishwa haluwa. Sukari nyeupe ilikuwa ni kitu cha sikukuu, cha harusi na cha kumheshimu mgeni. Mpaka leo mwenyeji wa Unguja huona haya kumpa mgeni chai isiyokolea sukari, na mgeni aliyekatazwa na daktari huona haya kusema. Haya hiyo ina mizizi mirefu: sukari ilikuwa kipimo cha ukarimu kabla haijawa kitu cha kupimwa hospitali.

Sukari ya kugawiwa

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, biashara ya kuingiza chakula iliwekwa mikononi mwa Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari viligawiwa Unguja kwa vipimo. Katika miaka hiyo hiyo kilijengwa kiwanda cha sukari cha Mahonda, Mkoa wa Kaskazini, ili kisiwa kiweze kujitegemea. Tanzania Bara nako sukari iliadimika sana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na msako dhidi ya wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulielekezwa pia kwa waliokuwa wakificha bidhaa za namna hiyo. Maneno ulanguzi, magendo na foleni yakawa majirani wa neno sukari katika mazungumzo ya kila siku.

Lugha ya skuli nayo ilikuwa ikitengenezwa wakati huo. Kiswahili kilichosanifiwa kwa msingi wa Kiunguja, kama ulivyoamua mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, sasa kilitakiwa kifundishe sayansi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa Tanzania Bara mwaka 1973. Na kampeni za redio na vikundi vya kusikiliza, Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, zilieneza maneno kama lishe na mlo kamili hadi vijijini. Neno lishe, ambalo asili yake ni kitenzi lisha, lilipata daraja ya istilahi katika zama hizo.

Mafunzo yaligawa vyakula katika mafungu matatu: vya kujenga mwili, vya kulinda mwili, na vya kutia nguvu. Sukari, wali, muhogo na mafuta viliwekwa katika fungu la kutia nguvu. Mgawanyo huo ulifaa kwa wakati wake. Tatizo lililokuwapo mbele ya walimu lilikuwa upungufu wa chakula, na watoto waliodhoofika walihitaji kweli kutiwa nguvu. Lakini istilahi huishi kuliko hali iliyoizaa. Leo mshauri wa lishe akimwambia mkulima wa Donge apunguze vyakula vya kutia nguvu, mkulima husikia kwamba anaambiwa awe dhaifu. Hakatai ushauri kwa ukaidi. Anaukataa kwa sababu ameuelewa kama tulivyomfundisha.

Katikati ya miaka ya 1980, wakati Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar na baada yake, biashara ilifunguliwa. Bidhaa zilirudi madukani, na sukari ikaacha kuwa kitu cha foleni. Waliokuwa wamekua katika uhaba waliweza sasa kutia vijiko vitatu badala ya kimoja, na ni nani angewalaumu? Mchovya asali hachovyi mara moja.

Maradhi yapata jina

Maradhi tunayoyaita kisukari ni ya kale. Waganga wa Kihindi waliyaita madhumeha, yaani mkojo wa asali. Wagiriki waliyaita diabetes, kwa maana ya kitu kinachopitisha maji, kwa kuwa mgonjwa hunywa sana na kukojoa sana. Katika karne ya 17 tabibu wa Kiingereza Thomas Willis alieleza utamu wa mkojo wa mgonjwa, na mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool alithibitisha kwamba utamu huo ni wa sukari. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika jiji la Toronto, walifanikiwa kuipata insulini kutoka katika kongosho la mbwa, na mwaka 1922 binadamu wa kwanza alitibiwa kwayo.

Twaona hapa njia mbili za kutaja. Wagiriki walitaja kwa dalili ya maji. Wahindi walitaja kwa utamu. Kiswahili, kama Kiarabu, kimefuata njia ya utamu. Watu wa Unguja husema maradhi ya sukari, au kwa ufupi, "ana sukari". Istilahi iliyokubalika katika maandishi ni kisukari, na imeundwa vizuri, kwa sababu kiambishi ki- kimezoeleka katika majina ya maradhi: kifafa, kichocho, kifaduro, kipindupindu. Lipo jambo moja la kuchekesha. Kisukari lilikuwa tayari ni jina la ndizi ndogo tamu sana, inayojulikana sokoni hadi leo. Neno moja likawa jina la tunda na la maradhi. Wala hakuna anayechanganyikiwa, kwani muktadha huamua.

Mchanganyiko uliopo ni mwingine. Katika "ana sukari", "sukari imepanda" na "usile sukari", neno ni moja lakini dhana ni tatu: maradhi, kitu kilichomo katika damu, na chakula. Akili ya msikilizaji huunganisha nukta hizo tatu kwa mstari mmoja ulionyooka: sukari ya kijiko ndiyo inayoingia katika damu, na ndiyo maradhi yenyewe. Kutokana na mstari huo huzaliwa makosa matatu tunayoyasikia mara kwa mara barazani.

La kwanza, mtu huacha sukari katika chai, akatia asali badala yake, akadhani amepona njia. La pili, huacha chai tamu lakini wakati wa futari akala tende nyingi, tambi, muhogo wa nazi na mlima wa wali, kwa kuwa hakuna aliyemwambia neno juu ya wali. La tatu ni la hatari zaidi. Mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya dawa za vidonge huweza kushukiwa na sukari ya damu ghafula, akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Wakati huo, maadamu ana fahamu na anaweza kumeza, hutakiwa apewe kitu kitamu upesi. Jamaa zake waliofundishwa kwamba "sukari ni sumu" huweza kumnyima kile kile kitakachomwokoa.

Wanga katika sufuria ya haluwa

Neno linaloweza kutuondoa katika tatizo hili lipo jikoni mwetu. Wanga, au uwanga kama wengine wasemavyo, ni ule unga mweupe laini unaopatikana kwa kusaga au kukuna mizizi kama muhogo, kuuchuja na kuuacha utuame. Mpishi wa haluwa hawezi kufanya kazi bila ya wanga. Huukoroga katika maji, akautia katika sukari inayochemka, akaongeza samli, iliki na zafarani, akakoroga bila ya kupumzika mpaka ule weupe ukatoweka na kitu chote kikawa kimoja, kizito na king'avu.

Vitabu vya sayansi vililichukua neno hilo na kulipanua maana, likawa ni jina la fungu zima la chakula lililomo katika wali, mkate, muhogo, majimbi, viazi na ndizi mbichi. Upanuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini vitabu havikumwambia mwanafunzi kwa uwazi kwamba wanga, ukishameng'enywa, hugeuka kuwa glukosi, na glukosi ndiyo sukari ya damu. Katika sufuria ya haluwa wanga na sukari huonekana kuwa vitu viwili mwanzo, na kitu kimoja mwisho. Tumboni mambo hayatofautiani sana na hayo. Mwalimu atakayelieleza somo hili kwa mfano wa haluwa ataeleweka Mkunazini na Makunduchi bila ya picha wala ubao.

Hesabu nayo husaidia. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya huwa na glukosi ya gramu tano hivi, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Mwili hukilinda kiwango hicho kwa insulini. Kipimo cha mtu aliyefunga tangu usiku kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kikathibitishwa, daktari huyaita hayo kisukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kutiwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na kwamba ikishuka chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, sehemu ya kumi ni gramu 50, yaani vijiko kumi na viwili vya chai. Anayekunywa vikombe vinne vya vijiko vitatu vitatu amekwisha kukifikia kikomo kabla ya kugusa kashata, visheti, wala soda. Na chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo gramu 30.

Istilahi tunazozipendekeza

Kutokana na maelezo haya twapendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa idara za afya mambo yafuatayo.

Kwanza, neno sukari likisimama peke yake litumike kwa chakula tu. Kwa kile kilichomo katika damu isemwe sukari ya damu, kila mara, hata kama sentensi itarefuka. Kwa maradhi isemwe kisukari. "Ana sukari" ibaki katika mazungumzo, ambako haina madhara makubwa, lakini isiingie katika maandishi ya mafunzo.

Pili, agizo la "punguza sukari" lisiandikwe bila ya kuandamana na agizo la wanga. Mtu aambiwe kwa majina ya vyakula anavyovijua: wali upungue sahanini, mchicha, kisamvu na kunde ziongezeke, samaki abaki mahali pake, na tunda liliwe zima badala ya kukamuliwa.

Tatu, jina "vyakula vya kutia nguvu" lipumzishwe katika mafunzo ya watu wazima wenye kisukari, na mahali pake pawekwe vyakula vya wanga. Mgonjwa asitishwe kwamba anaombwa aache nguvu zake.

Nne, ipo dhana katika ushauri ule wa mwaka 2015 ambayo Kiingereza huitaja kwa maneno ambayo, yakifasiriwa neno kwa neno, huwa "sukari huru". Tumeshaiona tafsiri hiyo, na twaikataa. Kwa msomaji wetu kilicho huru ni kilichoruhusiwa, kisicho na mipaka. Tutakuwa tumemwambia kwamba sukari ile ile anayotakiwa kuipunguza ndiyo asiyowekewa kikomo. Kwa sasa twapendekeza maelezo yaliyo wazi: sukari ya kutiwa na ya kukamuliwa. Sukari ya kutiwa ni ile ya kijiko, ya soda, ya haluwa, na pia asali. Ya kukamuliwa ni ile ya maji ya miwa yanayouzwa Forodhani na ya maji ya matunda yote. Iliyobaki ndani ya tunda zima haimo. Twakiri kwamba maelezo haya ni marefu kwa istilahi, na fundi wa maneno hapendi urefu. Lakini istilahi fupi inayopotosha ni ghali kuliko ndefu inayoelekeza.

Tano, kinyume cha kupanda kwa sukari ya damu kitajwe daima pamoja nako. Kila kijikaratasi chenye maneno "sukari ya damu ikipanda" kiwe na maneno "sukari ya damu ikishuka", na maelezo ya la kufanya. Neno sumu lisitumike kabisa.

Barazani, katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kahawa bado huuzwa chungu, haitiwi sukari hata chembe, na kashata ndogo huliwa pembeni. Wazee walijua kuuweka uchungu na utamu mbalimbali, na kuukadiria utamu kwa kipande. Kwa hiyo kula kwa kiasi si fikra ngeni kwetu. Lina neno lake, nalo ni kiasi. Wasomaji walio na majina mengine ya vyakula hivi au ya hali hizi za maradhi, kutoka Pemba, Tumbatu, Mrima au kwingineko, twawaomba watuandikie, wakitaja neno, mahali linaposemwa na sentensi ambamo wamelisikia, ili mapendekezo haya yafikishwe kikaoni yakiwa yamepimwa na watu wengi.